Nguruwe wa Haiti na Kigoda Chako, Baba

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Na wewe mama unayeisoma barua hii kwa sauti, shikamoo pia, na pole na kazi. Najua hali ilivyo huko Lindi saa hizi: ng'ombe wameingia zizini, baba umekaa karibu na moto pamoja na wanaume wenzako wa kambi, na mama amekaa pembeni kidogo na miwani yake iliyofungwa uzi, anapitisha kidole chini ya kila neno kama alivyofundishwa kwenye darasa la ngumbaru. Ndiyo maana sikuitia barua hii kwenye bahasha. Barua itakayosomwa mbele ya kambi nzima haina haja ya kugundishwa, kwa hiyo nimeikunja tu na kuiacha wazi.

Kabla sijaanza, mama, mimi na wewe tuna jambo la kukubaliana. Miaka yote niliyokaa nanyi kwenye mji wenu pale Bisibo, nilikuwa nakupa maneno ya kujaza debe uyapeleke kwa baba, nawe unamfikishia matatu: "Mwalimu anakusalimu tu." Leo nakuomba usome yote, hata pale utakapoona haya.

Baba, nataka kukusimulia harusi. Kwenye simu mama aliniuliza kama watu walishiba, nikasema walishiba, salio likaisha. Lakini yaliyotokea kanisani Murukulazo Jumamosi ile hayaenei kwenye swali la kushiba, na siwezi kuyasimulia vizuri bila kuanzia kwenye nguruwe. Wanaume mliokaa na baba hapo, vumilieni. Nguruwe anakuja.

Unaikumbuka siku ya kwanza Shija aliponileta kwenu? Mimi ni Mhangaza. Kwetu mgeni anashikwa mkono, anakumbatiwa, anapigwapigwa mgongoni mpaka kofia inamdondoka. Basi nikakujia moja kwa moja, mkono mbele, meno yote nje. Ukarudi nyuma, ukaficha mikono mgongoni, ukamwangalia mwanao kama mtu aliyeletewa nyoka. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kwenu mkamwana hamshiki mkono baba mkwe, hakai mbele yake, hali naye, wala hazungumzi naye uso kwa uso. Shija anasema alisahau kuniambia. Mimi nasema alitaka kucheka, na hadi leo hatujaelewana kwa hilo.

Nikajifunza. Nikajua kupiga magoti kwa mbali kidogo na kukusalimia huku nimetazama chini. Nikajua kukaa upande wangu wa kihenge cha mtama, karibu na jiko, wewe ukikaa upande wako kwenye kigoda chako cha miguu mitatu, kile kilichong'aa kwa kukaliwa. Mama alikaa pale kihenge kinapoishia, akikata viazi vya kuanika michembe, akituona sote wawili. Mwanzoni nilihisi nimejengewa ukuta. Baadaye nikagundua kwamba kihenge kile kilinipa uhuru ambao wanawake wenzangu wengi hawana, maana niliweza kubishana na baba mkwe wangu jioni nzima, na heshima ikabaki mahali pake bila kuguswa.

Na mimi nilizaliwa na ubishi. Nina pia ugonjwa mwingine, ule wa kutoweza kuingia darasani kabla sijalifundisha somo nyumbani kwa sauti. Wanafunzi wangu wa kwanza siku zote ni kuku na masufuria. Jioni moja nilikuwa najiandaa kwa kidato cha tano, mada ya watu wenye asili ya Afrika katika ulimwengu mpya, nikawa nimefika Haiti. Nikawaeleza kuku habari za kisiwa kile cha Karibi, Wafaransa na mashamba yao ya miwa, watu wetu waliosombwa kwa meli kutoka Afrika, na jinsi watumwa walivyoinuka wakayachoma moto yale mashamba, wakapigana mpaka wakapata nchi yao wenyewe. Nikasema wataalamu hadi leo wanabishana, ni imani gani iliyowapa watu wale moyo wa kuanza. Wewe ulikuwa upande wako wa kihenge, unasikiliza. Kisha nikamsikia mama.

"Mwalimu, baba yako anauliza, huko Haiti kulikuwa na ng'ombe?"

"Walikuwepo, mama. Lakini walikuwa wa mabwana."

"Anasema basi endelea."

Nikaendelea. Nikasema wasimuliaji wanaeleza kwamba kabla ya moto kuwaka, watumwa walikutana msituni, mvua ikinyesha na radi ikipiga. Walikuwa na mtu aliyewaongoza kwa dua na mwanamke mmoja aliyeshika kisu. Wakachinja, wakala kiapo, wakaiita mizimu ya kwao. Nilisikia ukipiga goti lako kwa kiganja.

"Mwambie mwalimu hapo hakuna cha kubishania," ulisema kabla mama hajafungua mdomo. "Ni wazee waliotangulia ndio waliowapa nguvu. Somo limekwisha, awape watoto mtihani."

Nikasema bado halijakwisha. Nikamwomba mama akuambie kwamba wengi wa watumwa wale walitoka Kongo, na kwamba huko Kongo wafalme walikuwa wamebatizwa vizazi vingi kabla. Watu wale walipandishwa meli wakiwa wanaijua tayari ishara ya msalaba, na miongoni mwa viongozi wa uasi alikuwapo aliyemwomba Bikira Maria waziwazi. Nilisema hayo kwa kirefu, kwa mifano, kwa sauti yangu ya darasani. Mama alikata kiazi, akageuka upande wako.

"Anasema Wakatoliki walikuwemo."

Kuanzia siku hiyo Haiti ikawa kwetu kama mboga, haikosekani jioni. Nikirudi kutoka shule nakuta umeshakaa, na mama ananipa hoja yako kabla sijavua viatu. Shija akifunga duka lake la dawa za mifugo Nyakahura na kufika nyumbani, anauliza, "Leo nani anaongoza?" Nilikuwa nafurahi, baba. Sijui kama niliwahi kukuambia. Nilikuwa napiga hatua za haraka njiani, na daftari za wanafunzi kwapani, kwa sababu nilikuwa na jibu nililolifikiria tangu saa nne na nilitaka kulitua.

Lakini sote tulijua kwamba hatubishani juu ya Haiti peke yake. Mimi na Shija tulioana kwa ng'ombe. Uliwapeleka Murukulazo, wakaipanda milima yetu wakihema, wazee wetu wakawapokea, na mimi nikawa mke halali mbele ya watu wote isipokuwa padre. Tangu hapo sikupokea komunyo. Wenzangu wakiinuka kwenda mbele, mimi nilibaki kwenye benchi na kuvuta miguu wapite. Mama yangu mzazi, kila nikienda kusali kwetu, aliniona nimebaki pale, akainamisha kichwa akajifanya anatafuta rozari yake. Nilitaka ndoa yetu ibarikiwe kanisani. Padre alisema inawezekana hata kama Shija hajabatizwa, kuna kibali cha kuombwa. Shija naye alikuwa tayari, ila aliweka sharti moja: "Baba yangu asipokuwepo, siendi."

Na wewe ulikuwa umekataa. Ulikuwa na sababu zako mbili, na zote nilizisikia kupitia kihenge. Ya kwanza, ng'ombe walishakwenda, na kufunga ndoa upya ni kuwaambia watu kwamba ng'ombe wako hawakutosha. Ya pili ulimwachia mama anisimulie ukiwa machungani. Ulipokuwa kijana, kule Shinyanga, mtu mmoja wa dini alifika kwenu akamwambia baba yako akibomoe kile kibanda kidogo cha mizimu uani, akakiita nyumba ya shetani mbele ya watoto wake. Baba yako hakukibomoa, lakini hukusahau uso wake siku ile. Mama aliponieleza hayo nilichukua kisu, nikamsaidia kukata viazi.

Kwa hiyo uliposema, "Mtu haendi kuomba msaada kwenye nyumba ya aliyemfunga," nilijua unasema habari za watumwa na habari za baba yako kwa pamoja. Na mimi nilipojibu kwamba Mungu hakuwa mali ya wenye mashamba, kwamba watu wa Kongo walimjua kabla ya kuwaona mabwana wale, nilikuwa nasema habari za Kongo na habari za benchi langu.

Siku moja nilitaka kutenda haki kama mwalimu. Nikasema wapo pia wanaoamini kwamba yule aliyeongoza kiapo msituni alikuwa Mwislamu.

"Basi kila mtu alikuwepo," mama akasema, na kwa mara ya kwanza akaweka kisu chini. "Nyie wawili mnasumbuka bule. Wale watu walikuwa wamechoka kupigwa. Ukichoka namna hiyo, jilani akikwambia twende, humuulizi anasali wapi."

Wewe ukasema hiyo si hoja. Mimi nikasema ni hoja kabisa, na vitabuni imo. Mama akasema viazi vimekwisha, kila mtu aende akaoge.

Sasa nguruwe. Kile kiapo cha msituni ulikipenda kuliko yote, ukataka kujua kila kitu chake. Ukauliza yule mwanamke alikuwa mtu mzima au msichana, na waliokula kiapo walisimama au walichutama. Mengine nilikuwa sijui, na nilisema sijui. Kisha ukauliza mnyama waliyemchinja alikuwa wa rangi gani.

"Mweusi," nikasema.

Nilikusikia ukicheka kwa kuridhika. Ukamweleza mama, kwa sauti ya kunifikia mimi, kwamba mweusi ndiye wa mvua, hata kwenu huko nyuma ilikuwa hivyo, na ndiyo maana mvua ilinyesha. "Mwambie mwalimu, Haiti ni nyumbani kabisa. Kondoo mweusi."

Ningeweza kunyamaza, lakini mwalimu hafundishi nusu.

"Mama, mwambie baba hakuwa kondoo. Alikuwa nguruwe."

"Nguluwe," mama akarudia, na hilo hakulipunguza hata kidogo.

Kisha nikasikia kigoda kikisogezwa. "Mwambie mwalimu akasome upya," ukasema, na ukaenda zako zizini. Nilijua kwa nini. Kwenu wazee wanapewa mbuzi, wanapewa kondoo, wanamwagiwa pombe ya mtama. Nguruwe hajawahi hata kukanyaga uani kwenu. Mizimu gani ingepokea mnyama yule? Nilikuwa nimekushinda bila kutaka. Jioni iliyofuata hukukaa kwenye kihenge, wala iliyofuata. Mama akaniambia, "Anamuwaza yule nguluwe. Hata ugali anauacha."

Uliporudi nilikuwa napepeta mahindi. Nilisikia miguu ya kigoda ikitua chini, nikaacha ungo. Ulisema polepole, na mama alikuachia useme mwenyewe bila kukurudia, kama mtu aliyejua kwamba hili likipita mikononi mwake litamwagika.

"Mwambie mwalimu nimefikiri. Mtumwa hana zizi. Mbuzi ni wa bwana, kondoo ni wa bwana. Anachukua kilicho karibu. Na wazee wanaoona mtoto wao anateseka hawawezi kumkatalia kwa sababu ya mnyama. Wazee wanaelewa."

Baba, nimefundishwa na watu wenye majoho, na sijawahi kusikia mtu akimtendea nguruwe yule haki namna ile. Na hapohapo, kwa sababu nilizaliwa na ubishi, jibu likanijia. Nikasogea kwa mama nikamnong'oneza: "Mwambie baba, kama wazee wanaelewa, basi na Mungu ni hivyohivyo. Naye anapokea kilicho karibu. Na mimi nilicho nacho ni Shija, na Shija hawezi kwenda kanisani bila baba yake."

Mama aliniangalia. Akatikisa kichwa.

"Yaya," alisema kwa Kisukuma chake, yaani hapana. "Hilo silipeleki leo. Mwache kwanza afulahie la kwake."

Kisha mkahama. Malisho yalikuwa yamebana, mashamba yamefika mpaka mlangoni mwa zizi, na kaka yake Shija alishatangulia huko kusini na kupaona pazuri. Asubuhi ya kuondoka mama alikuwa ameshapanda mbele kwa dereva na kioo kimepandishwa. Wewe ulisimama nyuma ya lori katikati ya ng'ombe, na mimi nilikuwa chini na kapu la michembe ya safari. Hapakuwa na mtu kati yetu, wala kihenge. Ukaangalia kushoto, ukaangalia kulia. Ukamshika nundu yule ng'ombe wako wa kijivu.

"Wewe," ulimwambia, "mwambie mwalimu ya Haiti hatujamaliza."

Nikamwambia yule ng'ombe nimesikia, na akufikishie salamu za safari njema. Ng'ombe hakupunguza neno hata moja. Mama, jifunze kwake.

Mji ulipopoa, nilirudi kufundisha kuku. Kihenge kilikuwepo, lakini hakikuwa na upande wa pili. Nilikuwa nasema jambo zuri kabisa kuhusu Karibi, nasubiri mtu aulize kama kulikuwa na ng'ombe, hakuna anayeuliza. Nililia siku moja, na sioni aibu kulisema.

Mwaka huu kibali kikapatikana na padre akatupa Jumamosi yetu. Shija akakupigia simu. Mvua zilikuwa zimekata njia kati ya kambi na barabara kubwa, bodaboda peke yake ndizo zilizopita, na kwa magoti yako hakuna ambaye angekupandisha juu ya bodaboda kwenye tope lile. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukasema "Nimesikia," ukamrudishia mama simu. Shija alikaa kitako palepale dukani.

"Amekataa," akasema. "Mvua ni kisingizio. Tuahirishe."

"Nimesikia si nimekataa."

"Humjui baba."

Nikamwambia namjua, nimebishana naye kuliko yeye. Lakini usiniulize nilivyolala siku hizo. Nilishamwambia mama yangu. Alishanunua kitambaa.

Mama akapiga simu baada ya hapo, akaongea haraka kama anayeogopa salio. "Mwalimu, lile neno lako la siku ya nguluwe. Nimempelekea leo." Nilikuwa nimelisahau, mama. Wewe ulilibeba kutoka Bisibo mpaka Lindi, juu ya lori, ukalitunza mvua na kiangazi, ukingoja siku yake. Nikakuuliza amesemaje. Ukasema, "Hajasema. Ametoka kwenda zizini." Nikajua kuna kazi inafanyika huko zizini.

Siku chache kabla ya harusi, wakala wa basi Nyakahura alimwita Shija kuchukua mzigo. Ulikuwa kwenye kiroba cha pumba, umeshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Shija aliufungua juu ya meza ya duka. Kikatoka kigoda, miguu mitatu, na ule mng'ao wake. Kabla hatujaulizana, simu ikaita.

"Sikilizeni nyote wawili," mama akasema. "Nasema kama alivyosema. Mwambie mwalimu, mtumwa hana zizi, na mimi leo sina njia. Nimetuma kilicho karibu. Kama wazee wa Haiti walimpokea nguluwe, wazee wangu watakiona kigoda wajue mimi nipo. Na huyo Mungu wake naye akipokee."

Shija aligeukia rafu ya dawa za kupe, akakaa hivyo kwa muda akipanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Kwa hiyo ndivyo ulivyokwenda kanisani, baba. Ulipakatwa na mwanao mpaka Murukulazo, akakataa usiwekwe kwenye buti la gari. Tukakuweka mbele, mahali pa wazazi wa bwana harusi, karibu na mama yangu. Padre alipopita akauliza kigoda ni cha nani.

"Ni baba," Shija akajibu.

Padre akakitazama, akasema, "Karibu sana, mzee," akaenda kuvaa. Mama mmoja wa kwaya aliyechelewa alikuja mbio akataka kukikalia, mama yangu akamdaka khanga kwa nyuma. "Hapo pamekaliwa," akamwambia. Mama yangu, baba. Yule aliyekuwa akiniuliza kila Krismasi, hao Wasukuma wako wataacha lini ukaidi.

Tulisema maneno yetu. Shija aliyasema kwa sauti kubwa mno, kama anauza ng'ombe mnadani, watu wakacheka. Kisha ikafika saa ya komunyo, nikainuka kutoka kwenye kiti changu na kwenda mbele kwa miguu yangu mwenyewe. Padre aliponionyesha mwili wa Kristo, nikasahau kuitikia Amina. Akasubiri. Nilikuwa namuona kwa machozi kama mtu aliyeko ndani ya maji. Nikaitikia, na nilipopokea nilihisi nimerudi nyumbani kwetu na mlango hata haukuwa umefungwa.

Tulipogeuka kutoka nje nilimwomba Shija anisubiri. Nikaenda mpaka mbele ya kigoda chako, nikasimama kwa mbali kidogo kama nilivyofundishwa, nikapiga magoti na lile gauni lote jeupe kwenye sakafu ya saruji, nikatazama chini.

"Shikamoo baba."

Ndipo nikakumbuka kwamba hapakuwa na mtu wa kunirudishia jibu. Mama alikuwa Lindi. Kwaya ilishaanza kuimba, watu wanasukumana kutazama bi harusi kafanya nini, na mimi nimebaki palepale magotini, sijui niinukeje bila marahaba. Mama yangu mzazi alikuwa amekilinda kile kigoda tangu asubuhi. Akainama upande wake, akatega sikio kama anayesikiliza mtu. Kisha akanigeukia.

"Mwana wanje," aliniita kwa Kihangaza, mtoto wangu. "Baba yako anasema marahaba."

Sijui nani alimfundisha. Kwetu hatuna desturi hiyo.

Sasa nimerudi Bisibo. Jumapili nainuka na wenzangu, na bado ninapopita huwa natazama kina mama waliobaki kwenye mabenchi, nawaombea kila mmoja apate mzee wa kutuma kigoda. Muhula huu nimefundisha Haiti tena. Hoja yako ya nguruwe niliiandika ubaoni, wanafunzi wakabishana mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetaka kutoka. Mimi mwenyewe, nikuambie ukweli, bado nasema Kongo. Najua wewe bado unasema msituni, na mama bado anasema walichoka. Kuku wangu hawana msimamo.

Kigoda kipo upande wako wa kihenge. Nakipangusa kila asubuhi na hakuna anayekikalia. Shija anataka kukirudisha kwa basi, nimemkatalia. Mvua zikiisha na njia ikikauka, njoo ukikalie mwenyewe. Viazi tumelima, mama atapata vya kukata.

Nafika mwisho. Mama, hapa ndipo nilipokuomba tangu mwanzo. Najua wanaume wote wanakusikiliza, na najua mkamwana hasemi haya kwa baba mkwe, na najua tayari unataka kukunja karatasi useme, "Mwalimu anakusalimu tu." Usiseme nasalimu. Weka kidole chini ya kila neno na usome kama lilivyo: mwambie baba nampenda.

Mkamwana wako,
wa upande wa jikoni.